Goti la Musyu, Paka wa Nyumba Mbili

Mara ya kwanza tulidhani ni mchezo. Duka langu liko mbele ya nyumba yetu, hapa Kikula, mjini Likasi, na paka alikuwa na tabia ya kulala nyuma ya mifuko ya unga wa mahindi. Asubuhi moja alitoka huko, akajinyoosha, akaanza kuvuka sakafu kuelekea mlangoni. Katikati ya njia akaukunja mguu wa nyuma wa kushoto, akaubana tumboni, akarukaruka kwa mitatu iliyobaki kama aliyekanyaga kaa la moto. Kisha akautupa mguu nyuma, teke moja hewani, akauweka chini na kuendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mama," akasema mteja niliyekuwa nampimia sukari, "pushi yako iko nacheza ndombolo."

Tukacheka. Paka akaketi kizingitini, akaanza kulamba kifua chake cheupe, hana habari nasi.

Alikuwa bado mdogo, hajamaliza mwaka. Mwanamke mmoja anayeuza mboga karibu na soko ndiye aliyeniletea, ndani ya katoni ya maziwa, baada ya kunisikia nikilalamika kwamba panya wananitobolea mifuko. Paka mwenyewe alikuwa wa kijivu, kifua tu cheupe, masikio makubwa kuliko kichwa. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na hushinda barabarani kuliko nyumbani, alipomkuta alimshika kwa mkono mmoja na kusema, "Hii itakamata panya gani? Panya njo itamukamata." Lakini haikupita muda mrefu, mifuko yangu ikaacha kutobolewa. Mpaka leo sijui kama aliwaua wale panya au walisikia harufu yake wakahama.

Mimi nimezaliwa Likasi, ila wazee wangu walitoka Maniema, Waislamu, na tulilelewa tukijua kwamba paka ni mnyama safi. Hata akipita juu ya mkeka wa kuswalia hafukuzwi. Kwa hiyo nilimwacha aingie popote. Jina sikumpa. Nilimwita pushi, kama tunavyowaita paka wote hapa kwetu, kwa sababu neno "paka" lenyewe mjini petu lina kazi nyingine: linamaanisha "tu". Mtu akikuambia amekula "paka bukari" usishtuke, amekula ugali bila mboga.

Siku zikapita, na ule mchezo ukarudi. Mara akiwa anakimbia, mara akiwa anatembea polepole. Mguu unapanda, anaruka, anaupiga teke, unashuka. Niliuangalia unyayo wake nikitafuta mwiba, nikakuta unyayo laini, mzima. Nikajiambia labda ndivyo alivyo.

Hapa inanibidi nieleze ukuta. Nyuma ya nyumba yetu kuna lupango, yaani kiwanja chetu cha kufulia na kupikia kwa mbabula, jiko la makaa, na upande wa pili anaishi mzee mmoja wa asili ya Kasai, karani wa reli mstaafu, mkewe amefariki, watoto wake wametawanyika. Zamani kati yetu kulikuwa na ua wa miti mifupi tu. Halafu wezi wakaingia na kutuchukulia masufuria na nguo zilizokuwa kambani, na mume wangu, kwa hasira yake, akapandisha ukuta wa matofali mrefu kuliko yeye mwenyewe. Hakugombana na mzee. Lakini pia hakumwambia kitu. Tangu hapo salamu zetu zikawa za barabarani: "Jambo Papa," "Jambo mama," kila mtu akapita.

Aliyevuka ule ukuta alikuwa paka. Nilijua kwa harufu. Alikuwa akirudi jioni ananukia samaki, na mimi sikuwa nimempa samaki. Akaanza pia kunenepa, tumbo likining'inia kidogo. Nikadhani ni afya.

Basi siku moja, mwisho wa kiangazi, joto limeanza kuwa kali, nilikuwa nafua. Nikamwona juu ya ukuta, anatazama chini, anapima. Akaruka. Alipofika chini akatoa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kutoka kwake, akajikokota mpaka chini ya karai langu, mguu wa kushoto umekunjwa na haurudi. Nilipomgusa akafungua kinywa bila kulia.

Kutoka upande wa pili sauti ya mzee ikaita, "Mama! Mama wa duka! Musyu ameanguka?"

Nikasimama na povu mikononi. "Papa, Musyu njo nani?"

"Njo pushi! Weye unaiita namna gani?"

"Minye naiita paka pushi!"

Kisha nikasikia mlango wake, hatua zake barabarani, na geti letu likagongwa. Akaingia akiwa amevaa kofia yake ya Jumapili, ingawa haikuwa Jumapili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kwetu tangu ukuta ujengwe. Hakutazama ukuta. Alipiga magoti kwa shida kando ya karai, akaanza kumsemesha paka Kiluba cha kwao, kwa sauti ya chini, na yule paka, ambaye kwangu alikuwa amekunja masikio, akamsogezea kichwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba paka wangu alikuwa pia wa mtu mwingine, na kwamba kwa mtu huyo aliitwa Monsieur, yaani Bwana.

Tulimpeleka pamoja kwa daktari wa mifugo wa hapa mjini, mtu ambaye kazi yake hasa ni mbuzi, nguruwe na chanjo za kuku. Alimshika mguu taratibu kutoka juu mpaka chini. Wakati anaushika, ule mguu ukanyooka wenyewe, na paka akaacha kunguruma kwa hasira.

"Mufupa haikuvunjika," akasema. "Lakini kuna kintu mu goti inatembea. Magoti ya pushi minye siijue muzuri, sipende kuwadanganya. Muende Lubumbashi, kule kuna docteur mwanamuke anatunza imbwa na pushi."

Nilimpigia mume wangu, ambaye alikuwa kwenye foleni ya malori mpakani.

"Lubumbashi?" akasema. "Juu ya pushi?"

Nikamvuta paka mapajani.

"Iko nalia?"

"Hailie. Iko naniangalia tu."

Nikasikia pumzi yake ndani ya simu, na honi za malori. "Basi muende," akasema. "Lakini mutoke mapema, njia iko na malori mingi."

Sikulala vizuri, na si kwa sababu ya safari. Nilikuwa nimesikia kwamba kule mjini mnyama aliyeharibika mguu hupigwa sindano akalala moja kwa moja. Asubuhi, nikimfunga ndani ya kitunga cha mboga kwa kipande cha kitenge, nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno nitakayomwambia daktari, na nikawa nayarudia kimoyomoyo.

Mzee alisema anakuja. Sikumwalika, hakuomba, alisimama tu kwenye stendi ya magari na kofia yake, ameshika chupa ya maji. Tulipata gari dogo la abiria. Dereva akatazama kitunga.

"Mama, mule kuna nini? Kuku?"

Paka akajijibia mwenyewe.

"Aa, pushi hapana! Pushi mu motokari inaleta malheur, mukosi tupu."

Mzee akavua kofia. "Mon fils, mwana yangu, hii ni mugonjwa. Tuko naenda ku hospitali. Mama yako akigonjwa, utamuacha ku barabara?"

"Mama yangu haina pushi, Papa."

Gari zima likacheka, na dereva pia, na kwa kuwa alikuwa amecheka akashindwa kutukatalia. Tuliwekwa nyuma, kitunga juu ya mapaja yangu.

Njiani tulipita malori yaliyobeba shaba, marefu, yamefuatana, na porini nyasi zilikuwa zimechomwa, weusi pande zote na majani machanga ya kijani yakianza kutokeza. Paka alilia mpaka akachoka. Mzee aliweka kidole kimoja kwenye tundu la kitunga na kukiacha humo.

"Marehemu mke wangu hakupenda pushi," akasema ghafla. "Alisema ni wezi. Hii ya kwetu haiibi. Inaomba."

Nilisema ni kweli, inaomba vizuri.

Baada ya muda akasema tena, akiangalia dirishani, "Zamani asubuhi nilikuwa naona moshi ya mbabula yenu. Nilikuwa najua muko bazima. Sasa nangojea nisikie mulango ya duka."

Hakusema neno "ukuta". Mimi nilikishika kitunga vizuri zaidi, nikaona aibu ambayo haikuwa yangu peke yangu.

Kliniki yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya mbele vya nyumba ya kawaida, inanuka jaweli ya kusafishia sakafu. Daktari alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia, kichwa amefunga kitambaa, mikono ya koti ameikunja. Hakumshika paka. Alitandika gazeti sakafuni, akaketi hapo hapo chini, akaniambia nifungue kitunga na nimwache atoke mwenyewe. Paka akatoka, akanusa miguu ya meza, akatembea kando ya ukuta. Mguu ukapanda. Akaruka, akapiga teke, ukashuka.

"Mm," akasema daktari, kama mtu aliyeonyeshwa kitu anachokijua.

Kisha akampandisha mezani, akalishika goti kwa vidole viwili. "Mama, leta kidole yako hapa."

Nikakileta. Chini ya ngozi nikahisi kitu kidogo, kigumu, kama punje ya haragwe. Alipouzungusha mguu kidogo, ile punje ikateleza kwenda upande wa ndani. Alipounyoosha, ikarudi mahali pake, kwa mtikisiko mdogo niliousikia kidoleni kuliko masikioni.

"Hii njo rotule, pia ya goti. Inapaswa kupanda na kushuka mu njia yake. Kwa huyu, njia haikuchimbika muzuri. Basi inatoka, inaenda kando, inarudia."

"Inatoka ku reli," akasema mzee.

"Voilà, Papa. Njo ile."

"Nani alimupiga?"

"Hakuna muntu alimupiga. Alizaliwa hivyo. Goti ya kuume pia iko na ile ugonjwa, kidogo tu."

Mzee akatoa pumzi ndefu. Nadhani alikuwa amejilaumu njia nzima, kwa sababu paka alianguka akitoka kwake. Mimi nikaona wakati wangu umefika, nikasema yale maneno niliyoyaandaa, haraka kabla sijaghairi.

"Docteur, kama ni sindano ya kumumaliza, uniambie kwanza, nitoke inje."

Aliacha alichokuwa akikifanya, akanitazama. "Kumumaliza? Mama, hii pushi itazeeka mu nyumba yako."

Niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kitenge kwenye kitunga, na kitenge kilikuwa begani mwangu.

Akatueleza yote bila haraka. Upasuaji upo: huchimba ile njia iwe na kina, hushona kamba za goti. Lakini si leo. Kwanza mnyama bado anakua, na ile pia yake ya goti inarudi yenyewe. Kama siku moja itatoka na kukataa kabisa kurudi, au paka aache kuweka mguu chini, hapo tutapasua. Kwa sasa apumzishwe wiki kadhaa mahali padogo. Asinone, alibonyeza lile tumbo na kututazama sote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu. Atembee kwenye ardhi tambarare ili misuli ya mapaja ikaze, maana msuli wenye nguvu huishika pia ya goti isitoroke. Na asirukeruke kutoka juu.

"Anaruka wapi?" akauliza.

"Ku ukuta," nikasema.

"Basi ukuta hapana."

Tulikuwa tunakaribia kuondoka mzee alipoingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. "Na hii, docteur? Nilitaka kumupa asubuhi, juu ya maumivu. Nikaona kwanza tuulize."

Ndani kulikuwa na nusu ya kidonge cheupe.

"Nini hii, Papa?"

"Paracetamol. Minye mwenyewe njo inanisaidia."

Daktari alikichukua, akakitupa kwenye ndoo ya taka, akarudi akamshika mzee mkono. "Papa, hata kipande kidogo ya hii inaua pushi. Isiingie mu kinywa yake hata siku moja. Dawa ya maumivu nitawapa minye, ya kwake."

Mzee akaketi kwenye benchi. Kofia ilikuwa inazunguka mikononi mwake. "Tangu Likasi iko mu mufuko," akasema, "tangu Likasi." Nikaketi kando yake. Paka alikuwa ameingia mwenyewe ndani ya kitunga na kulala.

Nje jua lilikuwa kali, watu wanapita, muziki unatoka kwenye duka la simu. Tulinunua mikate na mayai ya kuchemsha, tukala tumesimama kivulini, pilipili ikinitoa machozi ambayo tayari yalikuwa njiani. Mzee alimega kiini cha yai, akamtazama paka, akanitazama mimi, akakila mwenyewe.

Wiki zilizofuata hazikuwa rahisi. Mume wangu aliporudi alimpigilia paka kizimba cha mbao za paleti kwenye kona ya stoo, na paka akatukana humo ndani kutwa nzima. Kila siku nilimtoa nikamtembeza koridoni taratibu, nikiburuta kipande cha kamba mbele yake ili atembee bila kukimbia. Mzee alikuwa anakuja kwa kuzunguka barabarani, anaketi juu ya kreti dukani, anamsalimia paka, kisha anabaki. Wateja walianza kumzoea. Walifikiri ni baba mkwe wangu.

Suala la chakula ndilo lililotugombanisha. Siku moja nilisikia harufu ya samaki tomson kwenye kizimba.

"Papa, docteur alisema nini?"

"Alisema asinone. Kichwa ya samaki haina nyama, mama. Ni mifupa tu."

"Papa."

"Ni macho tu na mifupa."

Mwishowe tukaelewana: asubuhi atakula kwake, kidogo, jioni kwangu, kidogo, na hakuna mtu kumpa kitu katikati. Sijui kama mzee alitimiza ahadi yote, lakini tumbo la paka lilianza kupungua, na mbavu zikawa zinapapasika kama alivyotaka daktari.

Ukabaki ukuta. Nilimwambia mume wangu tukiwa tunakula, kwamba wiki za mapumziko zinaisha, na paka akitoka atapanda tena, kwa sababu ana nyumba mbili na njia yake ni ile. Akaendelea kufinyanga bukari lake.

"Minye niliujenga kwa mikono yangu," akasema.

"Najua."

"Wezi walichukua hata sufuria ya mama yangu."

"Najua. Sisemi tuubomoe. Nasema shimo chini, kidogo, pushi apite."

Akanawa mikono. Nikamsimulia yale ya moshi wa mbabula, kama mzee alivyoyasema garini. Sikuongeza neno. Mume wangu alitazama lupango letu kupitia mlango uliokuwa wazi, pale mbabula ilipokuwa bado inafuka.

Kesho yake alichukua nyundo na patasi, lakini hakwenda kwenye ukuta. Alitoka getini, akazunguka, na mimi nikamfuata kwa nyuma. Akabisha hodi kwa mzee.

"Papa, nimekuja kuomba ruhusa. Nataka kutoboa ukuta, chini, juu ya pushi apate njia."

Mzee alisimama mlangoni na kijiko mkononi. "Ukuta ni yako, mon fils."

"Upande yangu ni yangu. Upande hii ni yako." Akahamishia nyundo mkono wa pili. "Ile siku pia ningekuja kuuliza. Sikukuja."

Mzee akageuka, akaweka kijiko mezani, akasema kutoka ndani, "Ngojea, niko na patasi ya reli. Ile yako ni ya kuchonga viti."

Walitoboa pamoja, kila mtu upande wake, wamelala ubavu mavumbini. Mimi nilirudi kwetu nikawa naona miguu ya mume wangu tu na kusikia nyundo mbili. Matofali yalikuwa magumu. Alikuwa ameyajenga kwa hasira kweli. Mwishowe tofali moja likasukumwa kutoka upande wa pili, na kwenye tundu ukatokea mkono wa mzee, umejaa vumbi jekundu. Mume wangu akaushika, akautikisa kama watu wanaokutana barabarani baada ya miaka. "Jambo, Papa," akasema. Nikasikia mzee anacheka hadi anakohoa.

Paka, naye, hakulitaka lile shimo. Alilinusa, akaketi mbele yake, akatazama juu ya ukuta. Tuliweka vipande vya ndagala, dagaa wakavu, akavila vilivyokuwa upande wetu akaviacha vya ndani. Siku nzima mume wangu alikaa akimwelekeza kwa kidole, mtu mzima, dereva wa malori ya shaba. Ilibidi mzee alale chini upande wake na kuita "Musyu, Musyu" kupitia tundu, ndipo paka akapenyeza kichwa, kisha mabega, kisha mkia ukapotea. Na kwa kuwa hatukumwamini, mzee alipanga pia kreti tupu za bia kama ngazi pande zote mbili, ili kama atapanda, ashuke kwa hatua. Wakati mwingine alipanda. Alishuka kwa hatua, kama bwana.

Mguu ukaanza kupanda mara chache kuliko zamani. Ikafika wakati nikawa nasahau kuutazama.

Kisha mvua zilipokuwa zimeshika, alasiri moja, duka limejaa watu waliojikinga, paka akakimbia kutoka uani, akateleza kwenye saruji iliyolowa, na goti likatoka. Nilisubiri lile teke. Halikuja. Alisimama kwa miguu mitatu, mguu umepinda kwa ndani, anatetemeka.

Nilifunga duka na watu wakiwa kizingitini. Mume wangu alikuwa nyumbani siku hiyo, kwa bahati. Alimwita mzee kupitia shimo, na mzee akaja na taulo kubwa. Tukampigia daktari kwa video. Sura yake ilitokea, ikaganda, ikapotea, ikatokea tena. Mume wangu alipanda juu ya kreti akiinua simu kuelekea dirishani ili mtandao ushike.

"Mumufunge mu taulo," sauti ikasema. "Muguu tu ibaki inje. Mama, unyooshe muguu nyuma, polepole, sawa vile anajinyoosha. Halafu na kidole kubwa usukume rotule irudie mu njia. Usilazimishe. Kama haitaki, unaacha, muna—"

Simu ikakatika.

Mzee alimkumbatia paka kifuani. Nilimwona anasogeza midomo. Alikuwa anasali kwa Kiluba, na mimi nikasema bismillahi. Nikaushika ule mguu, mwembamba, wa moto. Nikaunyoosha kidogo, nikangoja. Kidogo tena. Nikaitafuta ile punje ya haragwe, nikaipata pembeni, mahali isipotakiwa, nikaiwekea kidole gumba. Sikuisukuma hasa, niliikaribisha. Na ikarudi. Nilihisi ule mtikisiko mdogo mpaka kwenye kiwiko.

Paka akamng'ata mzee mkononi, akajitoa kwenye taulo, akaanguka sakafuni kwa miguu minne, akaondoka akiwa amekasirika. Minne. Tulimtazama mpaka alipoingia nyuma ya mifuko ya unga.

"Aliweka chini?" daktari aliuliza simu iliporudi. "Muguu aliweka chini?"

"Aliweka!" akapiga kelele mume wangu kutoka juu ya kreti. "Yote! Aliweka yote!"

Mzee alikuwa anaangalia damu kidogo kwenye mkono wake, anatabasamu kama aliyepewa zawadi. Nilimwoshea kwa sabuni, na asubuhi yake mume wangu akampeleka kituo cha afya akachomwa sindano, maana daktari alisisitiza.

Baada ya siku hiyo hofu yangu iliisha. Si kwa kuwa goti limepona, halitapona. Hata sasa, zikipita wiki, utamwona anainua mguu, anaruka mara moja, anapiga teke lake na kuendelea. Lakini nilikuwa nimelishika lile jambo kwa kidole changu na kulijua. Zamani kila aliporuka niliacha kazi nikamkimbilia. Sasa namwambia "pole" na kuendelea kupima sukari.

Mvua zilipokaribia kwisha tulimrudisha Lubumbashi akaangaliwe, sote watatu, katika gari ambalo mume wangu aliliazima. Daktari alimpapasa mapaja, akalizungusha goti mara nyingi, akasema misuli imekuwa mizuri, ametimiza ukubwa wake, na haoni sababu ya kumpasua. "Mumulete kama kuna shida," akasema. "Kama hakuna, msiniletee, niko na kazi." Alimpa mzee mkono wa kuagana kama mzazi wa mgonjwa.

Wakati wa kurudi akina mama walikuwa kando ya barabara na mabeseni ya uyoga, mume wangu akasimamisha gari nikachagua ule mkubwa, mweupe, bado una udongo mweusi kwenye shina. Niliporudi garini mzee alikuwa amelala kiti cha nyuma, kinywa wazi, na paka ametoka kwenye kitunga akajilaza juu ya mapaja yake, miguu yote imetandazwa hovyo, ule wa kushoto ukining'inia pembeni ya kiti. Mume wangu alipunguza redio. Akaliwasha gari taratibu, akayaacha malori yatupite, moja baada ya jingine, wala hakuyapigia honi.